Mizani ya Maumivu

Sisi tuliolelewa katika nchi ya pamba tulijifunza mapema kuitilia mizani shaka. Kabla sijajua kusoma nilikwisha kuwasikia wazee wakisimulia jinsi mkulima alivyopeleka mzigo wake wa pamba kwa mnunuzi, akaupandisha kwenye mizani, kisha akatajiwa uzani pungufu ya ule aliokuwa ameukadiria kwa mgongo wake mwenyewe, mgongo uliobeba mzigo huo tangu alfajiri. Hakuwa na la kusema. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma alikuwa mnunuzi, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka. Wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kuhakiki uzani. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vilikua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho la Victoria.

Naomba msomaji azingatie jambo moja. Wazee wale hawakuivunja mizani. Walijua kwamba pamba isiyopimwa huuzwa kwa maneno, na penye maneno mnyonge hushindwa. Walichodai ni kwamba mwenye mzigo naye awe na kauli pale mzigo wake unapopimwa.

Mkoa wetu ni mkoa wa kupima. Tangu Mkanada John Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, vijiwe vidogo kama punje ya mtama vimepimwa huko kwa mizani nyepesi kuliko unyoya. Upande wa Geita dhahabu hupimwa kwa gramu na sehemu za gramu, mezani kwa mnunuzi, mchimbaji akikodoa macho. Ng'ombe hupimwa mnadani. Lakini upo mzigo mmoja ambao kila mmoja wetu ameubeba, wengine kwa siku moja, wengine kwa maisha yao yote, na haujapata mizani hadi leo. Mzigo huo ni maumivu. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi wanadamu walivyoitafuta mizani hiyo, na jinsi mimi mwenyewe nilivyopata kuishika mizani ya uongo nikadhani ni ya kweli.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa kijana wa miaka 28, nimepewa ualimu mkuu mapema kuliko nilivyostahili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limefungua milango ya shule kwa watoto wote, madarasa yalifurika, na walimu tulikuwa wachache. Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tulime, na shule yangu ilikuwa na shamba la pamba. Mwanafunzi aliyekosa shambani alikuwa ametega kazi, na mtegaji alipata viboko. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha.

Katika darasa la tano alikuwako mvulana mmoja mwembamba, macho yake yana umanjano kidogo, mwenye akili nzuri ya hesabu. Sitamtaja jina. Mara kwa mara, hasa asubuhi za baridi za Juni tulipokuwa tukichuma pamba, alikuja kwangu akasema miguu inamuuma. Nilimwuliza inauma vipi. Akajibu, "Mwalimu, mifupa inatafunwa." Nilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, na ndani yake kipimajoto cha kioo ambacho nilikionea fahari sana. Nilimwekea kwapani. Kikasoma joto la kawaida. Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo kwa saa yangu, nayo yakawa ya kawaida. Siku moja nilimpeleka zahanati, na huko pia vipimo vikaonyesha hivyo hivyo. Nikarudi naye nikiwa na hakika kamili. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kipimajoto hakisemi uongo. Kisha nikamchapa viboko vinne na kumrudisha shambani.

Mwaka uliofuata hakurudi shuleni baada ya likizo. Wiki chache baadaye baba yake alikuja ofisini, akavua kofia, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Nimeleta vitu vya shule." Aliweka mezani vitabu viwili na jembe. Mtoto alikuwa amefariki. Mzee yule hakunilaumu kwa neno hata moja. Alisimama kidogo, akaaga, akaondoka.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kipimajoto kile kilikuwa kikipima nini.

Historia ya tiba ya kisasa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya daktari kujifunza kuamini chombo. Zamani mganga, awe wa Ulaya au wa kwetu, hakuwa na njia ila kumwuliza mgonjwa na kumtazama. Mwaka 1816 Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba, akaliweka kifuani pa mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko alivyopata kuusikia. Hapo ndipo chombo cha kusikilizia kifua kilipoanzia. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza kifaa cha kufunga mkononi ili kupima shinikizo la damu, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kulisikiliza shinikizo hilo kwa sikio. Kipimajoto nacho kikafupishwa hadi kutosha mfukoni. Vyombo hivi vimeokoa watu wasiohesabika, nami sina nia ya kuvibeza. Lakini pamoja navyo iliingia tabia mpya: mgonjwa akisema hivi na chombo kikasema vile, aliyeaminiwa ni chombo.

Haikuwa ajabu basi kwamba watu walitaka chombo cha kupima maumivu yenyewe. Mwaka 1940, huko New York, wataalamu watatu, James Hardy, Harold Wolff na Helen Goodell, walieleza mashine waliyoibuni. Walipaka wino mweusi kwenye paji la uso, wakaelekeza hapo mwanga mkali wa taa, wakaongeza joto kidogo kidogo mpaka mtu aseme sasa inauma. Kutokana na joto hilo wakatunga kipimo cha maumivu, kama vile kilo ni kipimo cha uzito. Kabla ya miaka kumi kwisha, mashine hiyo ilipelekwa hata kwa wanawake waliokuwa katika uchungu wa uzazi. Mama alichomwa mkononi kati ya uchungu mmoja na mwingine, ili aseme kama moto ule unalingana na uchungu wa tumboni. Mtu akinisimulia habari hiyo barazani, ningedhani ananitania.

Mashine ile haikudumu. Wataalamu wengine walipojaribu kupata majibu yale yale hawakuyapata, na vita vilikuwa vimekwisha kutoa fundisho kubwa zaidi. Mwaka 1944 daktari Mmarekani, Henry Beecher, aliwahudumia askari waliojeruhiwa Anzio, nchini Italia. Aliwauliza watu waliopasuliwa na mabomu kama wanataka dawa ya kutuliza maumivu. Wengi wao walisema hawaihitaji. Hawakuwa wamezimia, wala hawakuwa na ganzi, maana mmoja akidungwa sindano vibaya alilalamika kama mtu mwingine yeyote. Beecher alipochapisha habari hizo mwaka 1946, na baadaye alipowalinganisha askari hao na raia waliofanyiwa upasuaji, alieleza kwamba kwa askari jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai, lakini kwa raia lilikuwa mwanzo wa balaa. Jeraha ni lile lile, maumivu ni tofauti. Mashine iliyopima joto la ngozi haikuwa na mahali pa kuweka tofauti hiyo.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyobadilisha somo zima. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo pana kitu mfano wa lango. Habari za maumivu zinazotoka mwilini hupita hapo, na lango hilo huweza kufunguliwa au kufungwa, kwa sehemu na habari nyingine za mwili, kwa sehemu na ubongo wenyewe. Kwa hiyo hofu, huzuni, kumbukumbu na matumaini si mapambo ya maumivu. Vimo ndani yake tangu mwanzo. Kila mama aliyepata kusugua goti la mtoto aliyeanguka, huku akimbembeleza, alikuwa amelishika lango hilo bila kulijua jina lake.

Melzack huyo huyo alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1975 alitoa orodha ya maneno 78, yaliyopangwa katika makundi 20, ambayo kwayo mgonjwa angeweza kueleza maumivu yake. Hakutafuta nambari moja. Alitaka kujua kama maumivu ni ya kuchoma, ya kukata, ya kubana au ya kugonga, na kama yanachosha au yanatisha. Baada ya miaka yote ya taa na wino, elimu ilikuwa imerudi kinywani mwa mgonjwa.

Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka lugha yetu. Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Kichwa hugonga, na pia huwanga. Tumbo hunyonga, husokota na hukata. Jipu hupwita. Kidonda huwaka moto, kikianza kupona huwasha. Kifua hupata vichomi. Viungo huvuta, mguu huingia ganzi. Na juu ya hayo yote, lugha yetu ina siri moja ambayo tunaipita kila siku bila kuiona. Mtu asiyejisikia vizuri husema "naumwa", hata kama hana pahali palipochubuka. Kuwa mgonjwa na kuwa na maumivu tumevipa neno moja. Kwa Kiswahili, ugonjwa unaanzia pale mtu anaposema. Mvulana wangu aliniambia mifupa inatafunwa. Alikuwa amenipa taarifa sahihi kuliko zote nilizozipata mwaka ule, nami nikaenda kuiuliza zebaki iliyomo ndani ya kioo.

Sasa nirudi kwenye ugonjwa wake, ambao sina cheti chake lakini sina shaka nao tena. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza damu ya mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, ambayo chembe zake, zikitazamwa kwa hadubini, zilikuwa zimepinda kama mundu. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Akaona kwamba watu wengi wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria wanabeba nusu ya urithi wa ugonjwa huu, lakini watu wa nyanda za juu zenye baridi ni wachache sana. Mwaka 1954 akaeleza sababu: wenye nusu hiyo hawauawi na malaria kwa urahisi. Mbu wa ziwa letu ndiye aliyeutunza urithi huo. Mtoto anayeupokea kutoka kwa baba peke yake, au kwa mama peke yake, hupata kinga. Anayeupokea kutoka kwa wote wawili hupata selimundu.

Katika selimundu chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na mfupa usiofikiwa na damu huuma kwa namna ambayo watu wazima wenye nguvu hulia. Baridi huyaamsha maumivu hayo, na kiu, na kazi nzito. Shamba la pamba asubuhi ya Juni lilikuwa na yote matatu.

Na hapa ndipo penye fundisho ambalo ningelipenda nilipate mwaka 1978. Mtu akijikata panga leo, mwili wake hupiga kelele: moyo hukimbia, shinikizo la damu hupanda, mboni za macho hupanuka, jasho hutoka. Dalili hizi zaweza kuonekana na kupimwa. Lakini maumivu yakikaa miezi na miaka, au yakirudi tena na tena tangu utotoni, mwili huacha kupiga kelele. Hauwezi kuishi katika hali ya hatari daima. Mapigo hurudi kawaida, shinikizo hushuka, uso hutulia, na mtu huyo hujifunza hata kucheka na wenzake huku anaumwa. Hata katika kilele cha maumivu ya selimundu, joto na mapigo vyaweza kuwa vya kawaida kabisa. Kwa hiyo kipimajoto changu hakikuharibika. Kilipima joto, kikasema kweli kuhusu joto. Uongo niliusema mimi, nilipokifanya kiwe shahidi wa jambo ambalo hakikuliona.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba hayo ni ya zamani na leo zipo mashine. Ni kweli zipo. Zipo zinazopima unyevu wa ngozi, mabadiliko ya mapigo ya moyo, upana wa mboni, umeme wa ubongo. Mwaka 2013 Tor Wager na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba, kwa kutazama picha za ubongo wa watu wazima wenye afya waliochomwa kidogo kwa joto, mashine iliweza kutofautisha joto linaloumiza na lisiloumiza. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini mtu mwenye afya anayechomwa mkono kwa dakika moja si sawa na bibi aliyeumwa mgongo kwa miaka ishirini. Mwaka 2017 jopo lililoundwa na chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu lilionya kwamba picha za ubongo zisitumiwe kuamua kama mtu anasema kweli au uongo kuhusu maumivu yake. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1973 kwa juhudi za John Bonica, daktari aliyepata kuwa mwanamieleka wa kulipwa, na ambaye mwili wake uliovunjwavunjwa ulingoni ulimuuma hadi uzeeni. Huenda ndiyo sababu hakuhitaji kushawishiwa. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hata hivyo, haki inanitaka niutaje upande wa pili, maana mwalimu akishajuta huweza kuangukia shimo la upande mwingine. Ipo siku ambapo chombo kiliwatetea wasio na sauti. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno ya kutuliza maumivu, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa. Mwaka 1987 K. J. S. Anand, akiwa Oxford, alipima kemikali ambazo mwili hutoa unapokuwa katika dhiki. Akaonyesha kwamba wachanga waliopewa dawa madhubuti hawakupata msukosuko mkubwa kama wale walionyimwa, na walipona vizuri zaidi. Mtoto mchanga hawezi kusema naumwa. Damu yake ilisema kwa niaba yake, na desturi za hospitali zikabadilika.

Hapa kwetu pia ninao mfano. Mwaka 2003 wataalamu walifika Rwamagasa, Geita, wakapima mkojo, damu na nywele za wachimbaji wadogo, na kuwachunguza kama mikono yao inatetemeka. Walioonekana kuwa hatarini zaidi ni wale wanaochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu na kuvuta moshi wake. Mchimbaji mwenyewe hakuwa na njia ya kujua kwamba sumu imemwingia. Kipimo kilimwambia jambo ambalo mwili wake ulikuwa haujamwambia. Lakini nenda leo kwenye maduara na mialo yale yale, uzungumze na mtu aliyebeba viroba vya mawe kutoka shimoni hadi kwenye karasha kwa miaka kumi na tano. Atakuonyesha mgongo. Hakuna mkojo utakaomtetea huyo. Akisimama mbele ya msimamizi na kusema leo siwezi, ana neno lake tu.

Na vyombo navyo vina kasoro zake, wakati mwingine kasoro zenye rangi. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima hewa katika damu, ambacho asili yake ni kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, hufanya kazi kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walichapisha matokeo kwamba, kwa wagonjwa weusi, kibanio hicho kilikosa kuona upungufu wa hewa karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Niliposoma hayo niliwakumbuka wazee wa pamba. Uzani pungufu, mizani ya mwingine.

Afrika Mashariki tumechangia nini katika historia hii? Zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyekuwa ametoka kufanya kazi katika hospisi ya Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Aliwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji, unga ulioyeyushwa na kutiwa katika chupa, ya bei nafuu, ili mgonjwa ainywe nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu waandike dawa hiyo, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijathubutu. Na ili kujua kama dawa inasaidia, wahudumu wa eneo letu walitumia mizani ambayo haihitaji umeme wala karatasi: mkono wa mgonjwa. Ngumi iliyofungwa ni kusema hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa huulizwa kabla ya dawa, na huulizwa tena baadaye. Mizani ni yake, na msomaji wa mizani ni yeye.

Mkono huo niliuona kwa macho yangu miaka michache iliyopita. Mjukuu wangu, binti wa miaka saba, alikuwa na selimundu. Nilikuwa nimempeleka mimi hospitali, mama yake akiwa kazini. Muuguzi kijana alinisalimu, "Shikamoo babu," akambana mtoto kidole, akapima joto, akahesabu mapigo. Nilichungulia nambari. Zote zilikuwa nzuri. Moyo wangu ukarudi mwaka 1978, nikangoja asikie ile hukumu. Muuguzi akaandika, kisha akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akasema, "Mwanangu, hebu nionyeshe kwa vidole." Mtoto akatoa vidole vinne.

Sikuweza kujizuia. Nikauliza, "Mbona mashine inasema yuko salama?"

Akanijibu kwa adabu, "Babu, mashine imesema anapumua vizuri. Haikuulizwa kama anaumwa." Akaenda kuleta dawa. Baada ya muda akarudi na kuomba vidole tena. Vilikuwa viwili.

Nilipopimwa mimi mwenyewe baadaye, nilikutwa ni mbebaji. Urithi ule ule uliomtafuna mvulana wa darasa la tano ulikuwa ndani yangu siku ile niliposhika kiboko.

Wala hatuko peke yetu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilishiriki katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, ambapo zaidi ya sampuli 17,000 za damu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi zilipimwa. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi ya mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Ewe mwalimu unayesoma haya, hesabu wanafunzi wa shule yako.

Siku hizi ipo dawa, haidroksiurea. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto wapatao 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa zaidi ya nusu. Nilivutiwa na namna walivyojua kwamba dawa inafanya kazi. Walipima damu, naam, wakaona chembe zinabadilika. Lakini pia walihesabu mara ngapi mtoto aliumwa. Bugando nao wamekuwa wakitumia chombo cha mawimbi ya sauti kinachopima mwendo wa damu kichwani. Damu ikikimbia sentimeta 200 kwa sekunde au zaidi, mtoto yuko katika hatari ya kiharusi, ingawa yeye hasikii lolote. Hapo chombo huona kesho ambayo mtoto haioni. Maumivu ya leo huyaona mtoto, chombo hakiyaoni. Kila shahidi aulizwe aliloliona.

Mwaka 1979 chama cha Bonica kilitoa maana ya maumivu, na mwaka 2020 kikaifanyia marekebisho. Pamoja na maana hiyo kikaweka maelezo kwamba kauli ya mtu anayesema anaumwa yapasa iheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema asidhaniwe haumwi. Wataalamu wa dunia walihitaji miaka mingi kufika hapo. Baba wa mvulana wangu, ambaye hakwenda shule, alikuwa akimwamini mwanawe tangu siku ya kwanza.

Nimestaafu, na kipimajoto kile sijui kiliishia wapi. Jembe nalikumbuka zaidi. Lilioshwa vizuri kabla ya kurudishwa, mpini umefutwa vumbi, kama mzazi anayetaka shule isimdai chochote. Lilikaa ukutani ofisini kwangu mpaka nilipohamishwa, na hakuna aliyepata kuniuliza kwa nini silitoi likafanye kazi.